Ukiambiwa "Bwana Amesema": Namna ya Kulipima Neno Kabla ya Kulifuata

Vijana ninaokaa nao barazani hapa Mbweni, Unguja, Alhamisi jioni, wengi wao wametoka bara. Wanafanya kazi katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje, na hawakosi neno. Huyu ametumiwa sauti na nabii asiyemjua, yule ameota, mwingine kapigiwa simu na shangazi yake Mwanza kwamba Mungu amemwonyesha mume wake. Swali wanaloniletea ni moja: "Mwalimu, hili nilishike au niliache?" Nimefundisha skuli mpaka nikastaafu, na darasa la dini kanisani sijaliacha hadi leo. Namna ninayowaelekeza ndiyo hii ninayoiandika hapa. Haitaki karama ya pekee. Inataka daftari, Biblia, watu wawili watatu wakweli, na subira.

Kuna jambo moja ninaloliamini kuliko mengine yote katika habari hii, nalisema mapema ili ujue naelekea wapi. Mara nyingi anayeshindwa kuuona ukweli hakukosa elimu ya Biblia wala hakukosa maombi. Kuna kitu anakitaka, na kile kitu kimekaa mbele ya jicho lake. Ukipenda, chongo huita kengeza. Kwa hiyo hatua zote utakazozisoma hapa zina kazi moja: kukisogeza kando kile unachokitaka, angalau kwa muda, ili uone.

Liandike kwanza

Kabla hujafunga, kabla hujampigia mtu simu, chukua kalamu uliandike neno lile kama lilivyosemwa, usipunguze wala usiongeze. Nani kasema, na lini. Kasema nini hasa. Ameahidi nini, na litimie lini. Anataka wewe ufanye nini. Neno likisemwa kwa sauti ya juu huku kinanda kinalia, linakuwa na uzito ambao si wake. Ukiliweka kwenye daftari unabaki na maneno matupu, na hayo ndiyo ya kupimwa.

Binti mmoja alituletea ujumbe wa sauti mrefu aliotumiwa WhatsApp. Tuliusikiliza kimya, na wawili katika sisi wakatokwa na machozi. Nikasema haya, turudie, safari hii kila mtu na kalamu yake. Tulipomaliza kuandika, mle ndani mlikuwa na mambo matatu: kuna jambo kubwa linakuja katika maisha yako, kuna mtu wa nyumbani kwenu analizuia, tuma sadaka ya kufungua njia kabla ya Jumapili. Mengine yote yalikuwa jina la Yesu likirudiwarudiwa, na kilio. Jambo kubwa lipi? Halikutajwa. Mtu yupi? Hakutajwa. Kilichotajwa kwa ukamilifu ni namba ya simu ya kupokelea pesa na jina litakalotokea ukituma. Binti alilitazama daftari lake kwa muda, akalifunga. Sikuwa nimesema neno.

Kumbukumbu la Torati 18:22 inatupa kipimo: nabii akisema neno kwa jina la Bwana, na lile neno lisifuate wala lisitimie, hilo Bwana hakulisema. Kipimo hicho kinafanya kazi pale tu neno lilipo bayana kiasi cha kuweza kuonekana limetimia au halikutimia. "Jambo kubwa linakuja" halipimiki kwa namna yoyote, maana likija lolote litaitwa hilo. Hata Hanania, nabii wa uongo wa Yeremia 28, alisema waziwazi: ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi kutoka Babeli. Wengi wa manabii wa simuni hawathubutu kufika hata pale alipofika Hanania.

Taja unachokitaka

Chini ya neno uliloandika, piga mstari. Chini ya mstari andika: mimi hapa nataka nini? Andika kweli. Daftari ni lako na Mungu anajua tayari. "Nataka kuolewa kabla ya mdogo wangu." "Nataka kuacha kazi, yule meneja ananidharau." "Nataka mama apone." Hakuna dhambi ndani ya maneno hayo. Bartimayo alipopaza sauti barabarani pale Yeriko, Yesu mwenyewe alimuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" na Bartimayo akajibu bila kuzunguka. Haja iliyotajwa mbele za Mungu unaweza kuishika mkononi ukaitazama. Iliyofichwa ndiyo inayokushika wewe.

Soma Yeremia 42 na 43 taratibu, maana sijaona mahali pengine katika Biblia panapoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Yerusalemu imeanguka. Watu waliosalia, wakiongozwa na Yohanani mwana wa Karea, wanamwendea Yeremia wakamwomba awatafutie neno la Bwana. Wanaapa kabisa: likiwa jema, likiwa baya, tutalitii. Siku kumi zinapita. Jibu linakuja: kaeni hapa hapa katika nchi, msiende Misri. Nao wanamwambia, unasema uongo. Sasa rudi nyuma kidogo, sura ya 41 aya ya 17, utaona kwamba hata kabla ya kumwuliza Yeremia walikuwa wameshapiga kambi karibu na Bethlehemu, njia ya Misri. Mizigo ilikuwa imefungwa. Walikwenda kwa nabii kutafuta baraka ya safari, si kuuliza kama kuna safari. Kila kijana anayeniletea neno huwa namuuliza: mizigo umeshafunga?

Sisi wa hapa tuna ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili, tena umejengewa kanisa. Kanisa Kuu la Mkunazini limesimama mahali palipokuwa na soko la watumwa. Sultani Barghash alilifunga soko lile mwaka 1873, na msingi wa kanisa ukawekwa mwaka huo huo. Huku Mbweni ninakoishi ndiko wamisionari walikowapa makao watu walioachwa huru. Tukiwa pale Mkunazini huwa nawaambia vijana wasione kwamba walionunua watu walikuwa wa imani nyingine tu. Wafaransa waliokuwa wamebatizwa walinunua watu wa pwani hii, Kilwa hasa, wakawapeleka kwenye mashamba yao ya Mauritius na Réunion. Huko Marekani wachungaji walisimama madhabahuni wakasoma "Enyi watumwa, watiini" wakaketi. Katika kitabu kile kile imeandikwa, Kutoka 21:16, kwamba anayemwiba mtu na kumwuza hana budi kufa. Na Paulo katika 1 Timotheo 1:10 anawaweka waibao watu katika orodha moja na waongo na waapao uongo. Walikuwa na aya hizo. Walikuwa na Kigiriki na Kiebrania ambacho sisi hatuna. Walikuwa pia na sukari ya kuuza.

Ndiyo maana baada ya "nataka nini" ninawaandikisha swali la pili: nikikosea hapa, atakayelipia ni nani? Kama atakayeumia ni mimi peke yangu, hilo ni jambo moja. Kama ni mke wangu, au mtoto atakayetolewa skuli, au mdogo wangu ambaye ada yake ndiyo ninayotaka kuipeleka kwa nabii, basi yule anayelipia ana haki ya kusikilizwa kabla sijasema amina.

Soma sura nzima, kisha kitabu kizima kama unaweza

Shetani pale jangwani alinukuu Zaburi ya 91, tena hakukosea sana. Aya peke yake, hata ikiwa sahihi, haitoshi kukuongoza.

Kaka yangu bado ana mikarafuu kwetu Wete, na msimu wa vuno nimeshawaona wapimaji kazini. Za juu ya gunia huwa nzuri siku zote. Mpimaji huingiza mkono mpaka chini, akatoa konzi, akavunja moja mbili kwa vidole aone kama zinakatika au zinapinda kwa unyevu, akatafuta makonyo, vile vijiti vya karafuu, yaliyoachwa humo kuongeza uzito. Aya unayotumiwa asubuhi ikiwa na picha ya jua linachomoza ni karafuu ya juu ya gunia. Tia mkono chini.

Chukua Yeremia 29:11, hii inayoandikwa mpaka kwenye vioo vya daladala: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Ni neno la Mungu na ninalipenda. Lakini aya ya 10, iliyo juu yake tu, inasema hayo yatakuwa baada ya miaka 70 kutimia huko Babeli. Na aya ya 5 ya barua hiyo ya Yeremia inawaambia Wayahudi waliohamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza watoto wao huko huko ugenini. Aliyeipokea barua ile akiwa na miaka arobaini alijua kwamba atazikwa Babeli. Ndani ya sura nzima faraja inabaki, tena inakuwa kubwa zaidi, ila haiwezi tena kumaanisha kwamba mkataba wako wa kazi utapatikana mwezi huu.

Kwa hiyo fanya hivi. Aya uliyopewa, isome pamoja na sura iliyotangulia na inayofuata. Jiulize ameambiwa nani, katika hali gani, na nini kilimpata baadaye. Kama una Biblia ya Habari Njema na ile ya Union, zisome zote mbili, moja itakufungulia pale nyingine ilipokuwia ngumu. Watu wa Beroya, Matendo 17:11, walimsikia Paulo mwenyewe, mtume, na bado waliyachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Luka hawaiti wakaidi. Anawaita waungwana.

Kujua jina lako si kitu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoangushwa. "Mwalimu, alinijua. Alitaja jina la marehemu baba. Angejuaje kama si Mungu?"

Kwanza, angeweza kujua. Picha ya msiba uliiweka wewe mwenyewe kwenye status, na namba yako iko kwenye makundi ambayo hata huyakumbuki. Lakini tuseme hakuambiwa na mtu, tuseme alijua kwa njia isiyo ya kawaida. Bado haitoshi. Kumbukumbu la Torati 13 inasema akitokea nabii au mwotaji wa ndoto akatoa ishara, *na ishara ile ikatukia*, kisha akasema tufuate miungu mingine, usimsikilize. Na Matendo 16 inatupa yule kijakazi wa Filipi aliyekuwa na pepo wa uaguzi. Alimfuata Paulo siku nyingi akipaza sauti kwamba watu hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu, wanaohubiri njia ya wokovu. Kila neno lilikuwa kweli! Paulo alisikitika, akageuka akamfukuza yule pepo. Na Luka anaandika kwamba waliokasirika ni mabwana zake, kwa sababu tumaini la faida yao limepotea. Basi mtu anaweza kusema kweli tupu na roho iliyo nyuma yake isiwe ya Mungu.

Yohana anatupa kipimo katika 1 Yohana 4: kila roho ikiriyo kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili yatokana na Mungu. Wengi huipita aya hii haraka, wakidhani inatosha mtu kulitaja jina la Yesu. Mimi nawaomba mtulie kwenye neno *mwili*. Mungu ameuvaa mwili huu unaoumwa, unaoona njaa, unaochoka. Roho inayoudharau mwili wa mtu, inayouona kama kitu cha kukanyagwa ili roho ipae, inagombana na Noeli yenyewe. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ndugu zetu wa pwani ya Kenya walifukua miili zaidi ya 400 ya watu waliohimizwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu, na watoto walikuwamo. Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako uwanjani. Ukiambiwa uache dawa za presha, uache dawa za sukari, uache kumnyonyesha mtoto kwa sababu ya mfungo, hapo huhitaji siku kumi za kusubiri. Umeshapata jibu. Nenda kliniki.

Na msidhani kipimo cha pesa kinatosha. Vijana wangu wakishajua kwamba manabii wengi wanatafuta pesa, wanadhani wameshajua yote. Mkumbuke Loliondo mwaka 2011, ingawa wengine mlikuwa wadogo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto dawa ya mti inayotibu magonjwa sugu, UKIMWI ukiwamo. Kikombe kilikuwa shilingi 500, kiasi ambacho maskini alikimudu, na yeye mwenyewe aliendelea kuishi kwa unyonge pale kijijini Samunge. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini, wagonjwa wakafia njiani. Wako walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Kipimo cha pesa pale kisingekamata chochote, na hata unyofu wa mtu usingekukamatia. Kilichohitajika ni mtu aliyekunywa arudi hospitalini akapime. Ukweli wa Mungu hauogopi maabara. Yesu mwenyewe alimtuma mwenye ukoma aliyepona akajionyeshe kwa kuhani.

Neno linalomtaja mchawi

Ukiambiwa mtu wa nyumbani kwako, au jirani, au mwenzako kazini ndiye anayekufunga, simama hapo hapo. Usiliingize hata kwenye maombi kabla hujaliandika na kulipeleka kwa mchungaji. Hapa visiwani tunasema lisemwalo lipo, kama halipo laja, nami siukubali usemi huo katika jambo la kumshtaki mtu. Torati inaamuru uulize, upeleleze, utafute kwa bidii. Mwaka 1995 Unguja na Pemba zilipokumbwa na hofu ya Popobawa, pepo aliyesemwa kuwavamia watu usiku, watu walilala nje kwa makundi, na mgonjwa wa akili asiye na kosa akauawa na umati mjini. Hofu ikipita mbele, upambanuzi hauwezi kuifikia. Paulo alimwambia Timotheo kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi. Neno likikuacha unamwogopa mama yako mkwe kiasi cha kutokula chakula chake, lipime kwa aya hiyo.

Subiri

Nathani alikuwa nabii wa kweli. Daudi alipomwambia anataka kumjengea Bwana nyumba, Nathani alimjibu pale pale afanye yote yaliyo moyoni mwake, kwa kuwa Bwana yu pamoja naye. Usiku ule ule Bwana akamrudisha kwenda kusema sivyo. Yeremia naye, Hanania alipoivunja nira shingoni mwake mbele ya watu wote, hakujibu kitu. Alikwenda zake, na neno la kumjibu likaja baadaye. Kama manabii hawa walihitaji usiku mmoja, au siku kumi, mimi na wewe hatuna sababu ya kuamua kabla ya Jumapili kwa kuwa sauti ya simuni imesema hivyo.

Kwa mambo ya kawaida nawapa Jumapili mbili. Kwa ndoa, kuacha kazi, kuuza kiwanja au kuhama, muda mrefu zaidi, na uombe kila siku kwa maneno mafupi. Dua ya Yakobo 1:5 inatosha: mtu akipungukiwa na hekima na aombe kwa Mungu, awapaye wote kwa ukarimu, wala hakemei. Andika siku ulizokuwa na amani na siku ulizokuwa na giza. Ndugu zetu Wakatoliki wa Minara Miwili, kanisa lao kuu la mjini, wamenifundisha kanuni ya Mtakatifu Ignatius wa Loyola, yule askari wa Kihispania aliyejeruhiwa vitani Pamplona mwaka 1521 akaanza kuchunguza mienendo ya moyo wake kitandani: ukiwa gizani, usibadilishe uamuzi uliofanya ulipokuwa na nuru. Nimeona ikiwaokoa vijana wasiandike barua ya kuacha kazi saa nane za usiku, baada ya zamu mbaya.

Mtoto akiwa na homa kali, usisubiri kitu. Hilo si jambo la kupambanua.

Walete watu

"Manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue," ndivyo Paulo alivyowaandikia Wakorintho. Nabii asiyetaka wengine wapambanue amejitoa mwenyewe katika utaratibu wa mitume.

Lakini wachague. Usimchukue rafiki anayetaka kile kile unachokitaka. Mtafute mmoja anayeijua Biblia, mmoja asiyepata faida wala hasara kwa uamuzi wako, na yule atakayelipia ukikosea. Wala usitishwe na mvi au cheo. 1 Wafalme 13 ina habari inayonihuzunisha kila ninapoisoma: mtu wa Mungu kutoka Yuda alikuwa na agizo wazi, asile mkate wala asinywe maji Betheli. Nabii mzee akamfuata akamwambia, "Mimi nami ni nabii kama wewe," malaika kaniambia urudi ule kwangu. Akarudi, akala, na simba akamwua njiani. Mzee alisema uongo. Yule kijana alikuwa na neno lililo wazi akalibadilisha kwa neno la mtu aliyemzidi umri.

Wakristo wa Uingereza waitwao Marafiki (Quakers), walioanzisha kazi Pemba mwaka 1897, mwaka ule ule utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba, walikuja na desturi ninayoiheshimu. Kwao mtu akihisi Mungu anamtuma, huliweka jambo mbele ya wenzake, wakakaa kimya pamoja, wakaulizana. Nao walishawahi kumiliki watumwa huko Marekani. Wachache wao waliandika pingamizi Germantown mwaka 1688, na wenzao hawakuwa tayari kulisikia. Mpaka 1776 ndipo Marafiki wa Philadelphia walipomkataza mwenzao yeyote kushika mtumwa. Miaka 88 ya kuulizana, na bado walitangulia makanisa mengi. Kupambanua pamoja ni kazi ya taratibu namna hiyo, hasa pale faida ya wengi ikiwa mezani.

Tena waulize walio nje. 1 Timotheo 3:7 inataka kiongozi awe ameshuhudiwa mema na watu walio nje, na kwetu hapa walio nje ni majirani zetu Waislamu. Akitokea mhubiri mgeni amepanga nyumba Mwanakwerekwe na anataka kufungua huduma, nendeni kwa mwenye nyumba, kwa muuza duka, kwa mama anayemuuzia maandazi asubuhi. Je, analipa kodi? Anarudisha chenji ikizidi? Ramadhani alijistahi mbele ya watu waliofunga, au alikula barazani? Anamsemesha vipi msichana wa kazi? Jirani yangu wa ukuta mmoja, mama mtu mzima anayesali swala tano, alishaniambia habari za mhubiri mmoja kwa sentensi moja tu: "Huyo, mwalimu, mke wake hacheki." Nikafuatilia, na aliyoyaona yeye kutoka uani kwake, sisi kanisani tulikuwa hatujayaona.

Namna ya kumjibu aliyekuletea neno

Usigombane naye. Huenda ana nia njema, kama shangazi wa Mwanza. Mwandikie hivi, nami nimeshawaandikia vijana wengi maneno haya haya: "Shikamoo shangazi. Ahsante kwa kuniombea. Nimeliandika neno ulilonipa, ninalisoma pamoja na Maandiko na wazee wangu wa kanisa. Nitakujibu baada ya Jumapili mbili." Kisha umjibu kweli siku hiyo ikifika, hata kama jibu ni hapana, kwa sababu shangazi naye anahitaji kujua kama alisikia vizuri.

Kwa mgeni wa simuni, jibu ni hilo hilo bila shikamoo. Wengine hawatajibu tena. Wengine watakutishia laana. Hifadhi ujumbe ule, umpelekee mchungaji wako, na kama kuna pesa uliyokwishatuma, mwambie kiasi na tarehe bila kuona haya, kwani wako wengine katika ushirika waliotumiwa sauti ile ile na hawajathubutu kusema.